Celina Ruguru Kithinji, Fundi Aliyeshika Shingo za Watoto

Majirani wa Muthara, jamaa mliosafiri tangu alfajiri kutoka Kiambere, wafanyakazi wa hospitali, wazazi na watoto wa karakana: asanteni kwa kufika. Mimi ni Gedion Mutugi Njoka, mdogo wake marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake leo Jumamosi, tarehe 31 Oktoba 1998. Naifanya kwa uchungu, lakini naifanya kifua mbele.

Celina Ruguru alizaliwa tarehe 9 Agosti 1962 katika kijiji chetu karibu na Kiambere, upande wa Mbeere, ambao wakati huo ulikuwa ndani ya wilaya ya Embu. Bwawa la umeme lilikuwa bado halijajengwa. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Njoka Runji na Mama Veronicah Igoki. Mama anasema alizaliwa mnene, mwenye kilio kikubwa, na wakunga hawakuona kasoro yoyote. Alitembea akiwa na miezi kumi na minne. Alipofika miaka mitatu ndipo mama alipoanza kuona mambo aliyokuwa ameshayaona mara moja: kifua kilichomoza mbele kama cha kuku, magoti yaligongana, viganja vililegea hata kikombe cha uji kikawa kizito. Aliyajua kwa sababu kifungua mimba wetu, Runji, alikuwa hivyo hivyo.

Siwezi kusoma maisha ya Celina bila kumtaja Runji. Mwezi wa Januari 1970, akiwa na miaka kumi na mitatu, Runji aliteleza kwenye mawe ya mtoni akichota maji. Hakuanguka kutoka juu. Alikaa chini kwa kishindo, kichwa kikatupwa nyuma, na hakuinuka tena. Celina alikuwa na miaka saba, amesimama hatua tano kutoka hapo. Baada ya mazishi maneno yalianza. Watoto wawili wa mifupa mibaya katika nyumba moja, watu wakasema, hiyo ni laana, na laana imeingia na mwanamke. Baba aliwasikiliza ndugu zake. Mama alihamishiwa kijumba cha pembeni mwa boma, na kuanzia siku hiyo baba hakula chakula kilichopikwa na mkono wake. Haya si mambo ninayoyafichua mimi. Baba mwenyewe, ambaye ameketi hapa mbele, ameniambia, "Yasome, Mutugi. Ukiruka pale, watu hawatajua binti yangu alifanya nini."

Celina alianza darasa la kwanza mwaka 1971, akiwa amechelewa, kwa kuwa baba alihofia njia ya kwenda shuleni. Mama hakumwuliza mtu. Alimfunga mgongoni kwa leso akatembea naye kilomita nne, akarudi shambani kupalilia mtama, jioni akaenda tena kumchukua. Alifanya hivyo miaka mitatu. Baadaye tulipata punda, na mimi nikawa mwenye kamba. Darasani Celina aliketi mbele kabisa, na hakuwa mtoto wa kuhurumiwa. Aliyemcheka alijibiwa papo hapo, tena kwa maneno ambayo mwalimu alijifanya hajayasikia. Mwaka 1977 alifanya mtihani wa darasa la saba akapata alama 31 kati ya 36, za juu kuliko zote katika shule yetu mwaka huo. Shule ya sekondari iliyomwita ilipomwona ilisema haina mahali pa kumlaza. Jina la shule hiyo silisemi leo. Celina alirudi nyumbani na sanduku lake, na siku ya tatu akamwambia mama, "Basi nitafutie mahali pa kujifunza kushona. Mikono yangu ni mibovu, lakini ni yangu."

Akaenda shule ya ufundi ya kanisa mjini Embu, 1978 hadi 1979, akajifunza ushonaji wa nguo na wa ngozi. Urefu wake ulikuwa umekwisha kusimama hapo: sentimita mia moja na mbili. Miguu haikufikia kanyagio la cherehani, kwa hiyo alitumia cherehani ya mkono. Viganja navyo vilikuwa vinapinda kama kitambaa kila alipozungusha gurudumu. Alijishonea mikanda miwili ya ngozi ngumu yenye vifungo, akaifunga kuanzia katikati ya kiganja hadi karibu na kiwiko, na mkono ukasimama. Hakuna aliyemfundisha jambo hilo.

Kuanzia mwaka 1980 alikuwa na kibanda chake sokoni Kiritiri. Watu wa Kiritiri waliopo hapa wanakijua kisa cha bwana mmoja aliyekuja na kitambaa cha suti ya harusi. Alichungulia ndani akamwona Celina kwenye stuli, akasema, "Mtoto, mama yako yuko wapi? Nataka fundi."

Celina akamjibu, "Mama yangu yuko shambani. Fundi ni mimi. Kaa chini nikupime, kwa sababu ukisimama sikufikii."

Bwana huyo alikaa. Suti ilimkaa vizuri hivi kwamba ndugu zake wote wanne walioa wakiwa wamevaa kazi ya mikono ya Celina.

Mwaka 1990 mambo yalianza kubadilika. Sindano zilimponyoka bila yeye kuhisi. Alianza kuanguka mahali pasipo na jiwe wala shimo. Alificha, kwa maana alijua Runji alivyokwenda, na hakutaka mama aishi akimtazama. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufundisha, na nilipokuja likizo nikaona malapa yake yamelika mbele, ishara kwamba alikuwa anaburuta vidole. Mwezi wa Februari 1991 nilimpeleka katika hospitali ya misheni nje kidogo ya mji wa Meru, mahali tulipoambiwa yupo daktari wa mifupa, Daktari Oscar Njue.

Daktari Oscar hakuanza na miguu. Alianza na mikono. Alishika ile mikanda ya ngozi akaigeuza.

"Hii umeshonewa wapi?"

"Nimejishonea."

"Nani alikuonyesha?"

"Mkono ulivyokuwa unaniuma ndivyo ulivyonionyesha."

Akatoka, akarudi na mtu mrefu mwenye aproni ya turubai, fundi mkuu wa karakana ya kutengeneza vifaa vya viungo. Huyo alikuwa Kithinji. Wakaitazama mikanda wote wawili, na Kithinji akasema, "Daktari, sisi tumekuwa tukiweka kifungo upande usiofaa."

Kisha picha za eksirei zikapigwa, nyingi, tangu shingo hadi nyayo. Daktari aliziweka kwenye kioo chenye taa akatuita. Alituambia kwamba huo haukuwa ukosefu wa maziwa wala jua, na haukuwa kifua kikuu cha mifupa, ingawa Celina alikuwa ameshameza dawa za yote mawili bure. Alisema ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, na watu wa utabibu wanauita Morkio. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuvunja mabaki na kuyaondoa. Mwili wa Celina ulikosa kimoja tu. Mabaki ya aina fulani ya sukari yalikaa palepale, mwaka baada ya mwaka, yakijaa kwenye mifupa na gegedu, mifupa ikakua mifupi na bapa, na kano zikalegea. Akili haiguswi. Mkojo wake ulipelekwa ng'ambo kupimwa, na mwezi wa Mei majibu yakasema hivyo hivyo.

Lakini jambo la kuogofya lilikuwa shingoni. Kile kifupa kinachosimama kama kigingi katikati ya mifupa miwili ya juu ya shingo, ili kichwa kisiteleze, kwake kilikuwa hakijaota vizuri. Kila alipoinama au kutupa kichwa nyuma, mfupa ulisogea ukaminya uti wa mgongo. Ndiyo sababu sindano zilianguka. Celina alitazama picha ile kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Kwa hiyo Runji hakuuawa na mawe."

Daktari akasema, "Kama alikuwa hivi, ni shingo, dada. Si mawe, wala si mtu yeyote."

Siku hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona dada yangu akilia mbele ya watu wengine. Mimi nilidhani analia kwa ajili yake mwenyewe. Tulipotoka nje akaniambia, "Nawaza mama. Miaka ishirini na mmoja, Mutugi."

Daktari alisema mifupa ile ya shingo ingeweza kuunganishwa kwa kipande cha mfupa kutoka nyonga na kufungwa kwa waya. Hakumficha hatari. Hata dawa ya usingizi ilikuwa hatari, kwa sababu kichwa kikivutwa vibaya wakati wa kuingiza mpira wa kupumulia, mgonjwa anaweza asiamke, au aamke akiwa amepooza mikono na miguu. Celina aliuliza mambo mengi, akataka kuonyeshwa hata mpira wenyewe. Mwishowe akasema, "Mikono yangu inakufa kidogo kidogo. Afadhali nijue. Nipasue." Alipasuliwa tarehe 4 Juni 1991. Kithinji alikuwa amemtengenezea kitanda cha plasta, nusu mwili, ili kichwa chake kisisogezwe hata kwa unene wa kidole, na alisimama ndani ya chumba cha upasuaji saa tano nzima akilinda kazi yake. Celina alipoamka neno lake la kwanza lilikuwa, "Nipeni sindano." Waliokuwepo walidhani anataka dawa ya maumivu. Alitaka sindano ya kushonea. Aliishika.

Alikaa ndani ya plasta kuanzia kichwani hadi kiunoni kwa miezi mitatu. Ilipotolewa alivalishwa kola ngumu, akaivaa siku mbili akasema imeshonwa na mtu ambaye hajawahi kuwa na shingo. Akaomba ngozi, sponji na mkasi. Kola aliyoishona kitandani ndiyo iliyokuja kuigwa katika karakana ile hadi leo.

Desemba mwaka huo alirudi Kiambere akiwa na kola yake na magongo mawili mafupi. Hakupumzika hata siku moja. Aliwatuma watu kuwaita wazee wa ukoo, baba mkubwa Kivuti akiwa wa kwanza. Walikuja tisa. Celina aliketi kwenye kigoda, akamwomba mama aje na ungo wenye ndengu na kunde, na mama akasimama mlangoni akiogopa kuingia nyumba ambayo hakuwa ameingia tangu 1970.

Baba mkubwa akasema, "Sisi si watu wa eksirei. Tuambie umetuitia nini."

"Nimewaita kuhesabu mbegu, baba. Hiyo mnaijua kuliko mimi."

Aliweka ndengu moja na kunde moja mbele ya baba, na ndengu moja na kunde moja mbele ya mama. Akaeleza, kama alivyofundishwa na Daktari Oscar, kwamba kila mtu hupewa na wazazi wake mbegu mbili za jambo hilo, na ndengu ndiyo mbegu nzima, kunde ndiyo yenye kasoro. Mwenye moja nzima haugui, wala hajijui. Mtoto huchukua moja kwa baba na moja kwa mama. Akazipanga kwa njia zote zinazowezekana, mara nne, na mara moja tu katika nne zilikutana kunde mbili. "Huyu ni Runji," akasema, "na huyu ni mimi. Nyinyi mlisema laana ilikuja na mama peke yake. Kunde moja haitoshi. Lazima iwe mbili. Ya pili ilitoka wapi?"

Baba mkubwa alizihesabu tena kwa kidole chake mwenyewe, pole pole, kama mtu anayehakikisha mbuzi zizini. Baba alikuwa ameinama.

"Kwa hiyo hata mimi nilitoa," baba akasema.

"Ulitoa nusu, baba. Na hukujua. Mama naye hakujua. Hakuna mwenye kosa hapa."

Baba aliinuka, akaenda mlangoni aliposimama mama, akamwambia mbele ya wazee tisa, "Veronicah, nimekukosea tangu tulipomzika Runji. Ingia ndani kwako." Na siku hiyo baba alikula muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa uliopikwa na mama, akaongezwa mara mbili. Kama Celina hangefanya jambo jingine lolote duniani, hilo lingetosha sisi kumwita mkubwa wetu. Mimi na ndugu zangu wengine watatu tulikua bila mama mezani. Yeye ndiye aliyemrudisha.

Januari 1992 aliajiriwa rasmi katika karakana ya viungo ya hospitali ile. Alishona kola, mishipi ya mgongo, ngozi za vyuma vya miguu na viatu vyenye soli za kuinua mguu mfupi. Waliopita mikononi mwake walikuwa watoto wa polio, wa kifundo kilichopinda, wa matege, mamia kwa mamia. Katikati ya hao alikuwa na jicho la kuwatambua watoto wa ugonjwa wake na wa magonjwa yaliyo ndugu ya huo, ambayo nayo hutokana na kimeng'enya kukosekana. Katika miaka saba aliwapata saba. Wanne walikuwa wa Morkio kama yeye. Wawili walikuwa na vidole vilivyokunjamana na macho yenye ukungu. Mmoja alikuwa na wengu kubwa na maumivu makali ya nyonga, na alikuwa ametibiwa mara mbili kwa ugonjwa unaoenezwa na nzi wa mchanga, ambao nao huvimbisha wengu, kabla ya ugonjwa wake wenyewe kujulikana. Kila mmoja alikuwa na ukurasa wake kwenye daftari: kimo, upana wa magoti, hatua anazotembea bila kupumzika. Wazazi walipofika wakiwa wametupiana lawama, Celina aliagiza ndengu na kunde.

Kazi yake moja lazima niisome kwa kirefu. Agosti 1995, Daktari Oscar akiwa safarini, aliletwa mtoto wa miaka sita, Kathambi, wa huku huku Tigania, anyooshwe magoti. Daktari kijana aliyeachiwa kazi alimpanga kupasuliwa kesho yake asubuhi. Celina alitumwa kumpima viatu tu. Alishika kiganja cha mtoto kikapinda, akatazama kifua, akauliza, "Mmepiga picha ya shingo?"

"Shingo ya nini?" daktari akasema. "Tunapasua magoti."

"Dawa ya usingizi haipiti magotini, daktari."

Daktari alimwambia arudi karakana. Celina hakurudi karakana. Asubuhi machela ilipokuja, walimkuta ameketi kwenye kigoda chake katikati ya mlango wa chumba cha upasuaji, magongo yamewekwa magotini.

"Mama, tafadhali utupishe."

"Niruke," akasema. "Mimi ni mfupi, hamtapata taabu. Lakini mtoto huyu hapiti kabla ya picha."

Wauguzi wakacheka kwanza, kisha wakaacha kucheka. Mama yake Kathambi, aliyekuwa ameshika machela, akauliza kuna nini, na Celina akamwambia yote pale pale, bila kupunguza. Mama huyo akasema mtoto wake haingii. Picha ikapigwa. Mfupa wa shingo ulikuwa unateleza vibaya kuliko wa Celina mwenyewe. Kathambi alivalishwa kola, akasubiri Daktari Oscar, akaunganishwa shingo mwezi wa Septemba, na magoti yakanyooshwa mwaka uliofuata. Daktari yule kijana alikwenda karakana akiwa na picha mkononi, akamwambia, "Mama Celina, ningemwua." Celina akamvutia stuli. "Kaa, nikuonyeshe jinsi ya kushika kichwa. Wewe bado una miaka mingi ya kuokoa watu." Daktari huyo yuko hapa leo, na ni yeye aliyeniomba nisilipite jambo hili.

Sasa ndoa. Kithinji hakuwa mtu wa maneno. Mwaka 1993 Celina alikuta benchi lake la kazi limekatwa miguu, limeshushwa hadi kiunoni mwake, na rafu za ngozi zimeshushwa pia. Akauliza nani amefanya. Kithinji akasema, "Mimi. Nimechoka kukuona ukipanda." Wiki iliyofuata sinki likashushwa. Celina akamwambia, "Ukiendelea hivi utaishusha hospitali yote." Kithinji akajibu, "Nyumba yangu ndiyo ninayotaka kuishusha, kama utakubali." Alikubali.

Hapa Muthara habari hiyo haikupokelewa vizuri. Mama Kanana, mzazi wa Kithinji, ameniruhusu kuyasema. Alimwuliza mwanawe, "Nani atakuchotea maji?" Kithinji akasema, "Mama, bomba liko mlangoni." Hata hivyo hakuja harusini, tarehe 16 Aprili 1994. Alikuja mwezi wa nane mwaka huo bila kutuma habari, na kiondo cha ndizi, kuona jinsi mwanawe anavyoteseka. Alikuta jiko limeshushwa, sufuria zinang'aa, na Celina akimfokea Kithinji kwa kuingia na viatu vya tope. Alikusudia kukaa siku mbili akakaa majuma matatu. Siku ya kuondoka aliwaambia wanawake wa kanisa lake, "Nilikwenda kumleta mwanangu. Nimerudi nikiwa na binti." Kwa ushauri wa daktari, Celina na Kithinji hawakuzaa, kwa kuwa kifua cha Celina kisingebeba mimba. Walimlea binti yangu mkubwa, Virginia, tangu mwaka 1995, na Virginia haelewi watu wanaposema shangazi yake hakuwa na mtoto.

Mwaka 1996 Daktari Oscar alirudi kutoka mafunzo ng'ambo na habari. Kwa ule ugonjwa ndugu, wa wengu na nyonga, ilikuwa imepatikana dawa: kimeng'enya chenyewe, kinachotiwa mshipani kila baada ya majuma mawili, na watoto wa huko walikuwa wanaacha kuumwa mifupa. Bei yake haikufikirika kwetu.

"Na huu wetu?" Celina akauliza.

"Bado. Wanautafuta."

"Wanahitaji nini?"

"Damu. Ngozi kidogo. Na vipimo vya watu wenyewe, vya miaka mingi."

"Vipimo ninavyo," akasema. "Ngozi wakate."

Kithinji alimwambia dawa hiyo huenda isimkute hai. Alijibu, "Najua. Hata mwenye kupanda mwembe hasimami chini yake akisubiri." Kipande cha ngozi ya mkono wake kilisafirishwa, pamoja na nakala ya kurasa za daftari, kwa idhini ya wazazi wa watoto wote. Dawa ya Morkio haijapatikana hadi leo ninaposoma. Watakapoipata, popote watakapokuwa, watakuwa wamepita kwa Celina.

Maradhi yaliyomwondoa yalianzia kifuani. Mbavu zake zilikuwa zimekakamaa, na mapafu hayakuwa na nafasi ya kufunguka. Kuanzia mvua kubwa za mwisho wa mwaka 1997 alilala akiwa ameketi. Aliendelea na kazi hadi Julai 1998, saa tatu kwa siku, kisha mbili. Agosti alipata homa ya mapafu, akalazwa, akatoka, akalazwa tena Septemba. Mama Kanana alikuja akaketi kando ya kitanda, akimtegemeza mgongo kwa mikono yake, na hakukubali kupokewa na mtu zaidi ya mama yetu Veronicah. Wanawake hao wawili, mmoja wa Kimbeere na mwingine wa Kimeru, walipokezana kumshika kwa majuma matano, kila mmoja akisema kwa lugha yake, na walielewana.

Wiki yake ya mwisho alitoa maagizo matatu. Kwamba picha zake zote za eksirei zibaki hospitalini, wanafunzi wafundishiwe. Kwamba daftari lipewe Virginia, aendelee kupima. Na kwamba Kithinji asiinue benchi. Jumatano, tarehe 21 Oktoba 1998, saa nne asubuhi, alimwomba Mama Kanana amwegemeze vizuri zaidi ili aone dirishani. Akasema kwa Kimeru alichojifunza kwake, "Hapo ni pazuri, mama." Hakusema tena. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita. Madaktari waliomwona mwaka 1991 walisema baadaye kwamba hawakutegemea afike thelathini.

Marehemu ameacha mumewe, Kithinji. Binti waliyemlea, Virginia. Wazazi wake, Mzee Njoka Runji na Mama Veronicah Igoki. Mama mkwe, Mama Kanana. Ndugu zake wanne, nikiwemo mimi. Wapwa kumi na mmoja. Na wafanyakazi wenzake wa karakana.

Ameacha pia watoto wake watano. Kati ya wale saba wa daftari, wawili walimtangulia. Watano wameketi mstari wa mbele na kola zao na vyuma vyao, na Kathambi, ambaye sasa yuko darasa la tatu, ndiye aliyeshika msalaba. Familia imeamua kwamba wao ndio watakaokuwa wa kwanza nyuma ya jeneza hadi kaburini. Watakwenda pole pole, na njia ina kokoto, na huenda wakasimama kupumzika. Wakisimama, sote tutasimama. Tunaomba mtu yeyote asiwapite.

Dada Celina, umefanya kazi yako. Mungu akulaze mahali pasipo na maumivu, upumzike kwa amani.